Msemaji wa Kilima cha Kanyatsi

Kila siku ya soko la Bwera, Koplo Okot alipanda kilima cha Kanyatsi akisukuma baiskeli ya serikali, jasho likimtoka, ili aende kumtisha Danieri. Alitumwa, maskini. Alikuwa mtu mpole, mzaliwa wa mbali huko Kitgum, na kazi ya kutisha watu haikumkaa hata kidogo. Lakini amri ni amri, na kule kambi ya polisi alikuwa na mke na watoto wa kulisha.

Akifika, aliegemeza baiskeli kwenye mgomba, akakaza mkanda, akakohoa, halafu akaanza kama mtoto anayesomeshwa katekisimu.

"Danieri. Kampuni nasema hivi. Kilima hii iko na chokaa. Wewe ndiyo msemaji, sema ndiyo, watu nahama, mambo nakwisha. Kama nakataa, utaona. Mbuzi yako itakufa. Kahawa yako itakatwa."

"Na nyumba?" Rusi, mke wa Danieri, alimkumbusha kutoka jikoni. "Umesahau nyumba, afande."

"Aa, asante Mama. Na nyumba itachomwa."

"Haya, umemaliza. Nawa mikono, chakula iko tayari."

Naye Okot alinawa, akakaa, akamega ugali wa muhogo na sombe, mboga ya majani ya muhogo huo huo, kama mtu aliyefika kwa shangazi yake. Danieri alinuna. "Huyu mutu anatisha mimi, na wewe unamupa chakula!" alilalamika baadaye. Rusi alimjibu kwamba afadhali atishwe na mtu aliyeshiba kuliko mwenye njaa, akaenda zake kuosha sufuria.

Msicheke sana, jamani. Kabla ya Danieri, msemaji alikuwa Mzee Yosamu, na yeye naye alianza kwa kutishwa hivi hivi. Asubuhi moja alikutwa kando ya mto Lhubiriha, amelala kifudifudi, kichwa kimepasuka. Hakuna aliyeulizwa. Miaka ile ya sabini watu walikuwa wameshajifunza kutouliza; walimsimamisha tu Danieri mahali pake siku hiyo hiyo.

Na jambo lenyewe lilikuwa rahisi. Chifu alitangaza mbele ya watu wote kwamba tingatinga la kampuni halitapanda Kanyatsi mpaka msemaji wa kilima aseme ndiyo kwa kinywa chake. Kama kilima hakina msemaji, basi kimekubali. Alidhani amewasaidia! Kumbe alikuwa ameyafunga mashamba yote, makaburi yote na kahawa yote ya kilima kile kwenye shingo ya mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa mume wa Rusi.

Siku moja ya soko Okot alikuja, na baiskeli hakuiegemeza. Aliishika tu kwa mikono miwili. Mkanda hakuukaza, wala hakukohoa.

"Karibu, afande," Rusi alisema. "Leo kuna samaki wa ziwani, wa Hamukungu, wa moshi. Kaa."

"Nimeshiba, Mama."

"Nani amekushibisha, nawe umepanda kilima chote hiki? Kaa, kula."

"Leo sili."

Rusi alibaki na birika la maji mkononi. Mama yake alimlea akimwambia kwamba mtu hatii mkono kwenye sahani ya nyumba anayokwenda kuibomoa, na Okot mwenyewe aliwahi kumsimulia kuwa nyanya yake huko Kitgum alimfundisha vile vile. Walicheka siku hiyo, wakaona kumbe dunia ni ndogo. Sasa Rusi akaliweka birika chini.

Danieri akatoka kwenye kahawa na panga lake. "Leo hakuna maneno, Koplo?"

"Leo hakuna," alisema Okot. Hakumtazama usoni. "Kesho asubuhi wewe iko hapa?"

"Niko hapa siku zote! Nitakwenda wapi?"

Okot aligeuza baiskeli akateremka. Hata hakuipanda, aliikokota tu mpaka chini.

Basi Danieri, Mungu amsamehe kichwa chake kigumu, akafurahi. Akapiga makofi. "Umeona? Kampuni imechoka! Wamekosa hata matisho!" Alitaka kuzunguka nyumba kwa nyumba awape watu habari njema. Rusi alimshika shati.

"Danieri, huyu mutu amekataa kula."

"Ameshiba, amesema."

"Okot? Tangu lini Okot ameshiba? Kesho wanakuja kukuchukua. Yeye ndiye atakayewaonyesha sura yako, ndiyo maana chakula changu kimemshinda."

Furaha ikamtoka Danieri usoni polepole. Akakaa kwenye kizingiti. Halafu akasema jambo ambalo Rusi alikuwa akiliogopa. "Nikikimbia, kilima haina msemaji. Nikikimbia, tumesema ndiyo."

"Na ukikaa utakuwa kama Yosamu."

"Yosamu hakusema ndiyo."

"Yosamu hasemi kitu tena!" Rusi alipiga kelele, yeye ambaye hapigi kelele. Alilia, alimtukana, akamshika miguu. Alimpenda sana mtu yule, na hakuona haya kumwambia. Mwishowe Danieri alivaa koti lake la kanisani, akabeba mkungu wa ndizi kama mtu aendaye sokoni, akateremka kuvuka mpaka kwenda Kasindi, ng'ambo ya Kongo, kwa dada wa Rusi. Aliondoka mchana kweupe, akiwaamkia watu njiani. Hakugeuka nyuma, maana angegeuka asingekwenda.

Asubuhi Land Rover ilipanda ikiguna. Akashuka Inspekta Byamukama, mgeni aliyehamishiwa Bwera wiki ile ile, mtu nadhifu mwenye sauti ya chini. Nyuma yake askari watatu, nao wageni, na Okot.

Watu wa kilima walikusanywa uani kwa Danieri. Inspekta aliwaamkia kwa adabu, akawauliza hali ya mavuno. Kisha akamgeukia Okot. "Onyesha mimi yeye."

Okot aliwapitia watu wote kwa macho, mmoja mmoja. Akapumua. "Hayupo, afande."

"Vizuri," alisema Inspekta, wala hakukasirika. "Amekimbia. Basi kilima hii haina msemaji, na maneno ya chifu mnayajua. Tingatinga inakuja kesho." Akatazama saa yake.

Watu wakatazama chini. Ketura, jirani, alianza kulia bila sauti.

Rusi alikuwa mlangoni pa jikoni, unga wa muhogo ukiwa bado mikononi. Hakuna aliyemuuliza kitu. Angenyamaza, gari lingeondoka, mumewe angekuwa hai ng'ambo, naye angekuwa hai hapa, na kesho kutwa wangekutana mahali pengine wakalima shamba la watu. Aliogopa mpaka mkojo ukataka kumtoka mbele ya watu. Akajifuta mikono kwenye kitenge.

"Msemaji ni mimi," alisema.

"Wewe ni bibi yake," alisema Inspekta.

"Yeye hayupo. Mimi niko. Kilima inasema hapana."

"Mama, nyamaza!" Okot alisema.

Inspekta alimtazama Rusi kwa muda, akakunja midomo kama mtu aliyeongezewa kazi. "Pandisha yeye."

Okot ndiye aliyempa mkono kupanda. Alimketisha kwenye benchi la nyuma, akakaa mbele yake. Turubai lilikuwa limekunjwa upande mmoja, na Rusi aliona migomba ya Kanyatsi ikipita, na kahawa, na mawe meupe yaliyowaletea balaa yote ile.

Kwenye kona ya chini, karibu na kisima, mtu alikuwa akipanda mlima kwa miguu. Alikuwa na koti la kanisani, na hakuwa na mkungu wala mzigo wowote. Alitembea haraka, akihema. Alipoona gari la serikali alisogea pembeni kwenye nyasi, akavua kofia na kuinamisha kichwa ili wakubwa wapite.

Rusi aliuma kitenge mpaka meno yakakutana. Ee Danieri! Alitaka kumpiga kofi, alitaka kumkumbatia.

Gari likapunguza mwendo. "Koplo," Inspekta aliita kutoka mbele. "Yule ni nani?"

Okot alimtazama mtu yule, akamtazama Rusi. Halafu akakaza mgongo, akajibu kwa sauti ya gwaride.

"Simjui, afande. Mutu ya soko tu."

Dereva akakanyaga mafuta. Gari likateremka kuelekea Bwera, na Danieri akavaa kofia yake, akaendelea kupanda kilima.