Kobe wa Bilonda Anarudi Nyumbani

Umeme uliporudi asubuhi, Bilonda alipangusa vumbi jekundu kwenye kibodi kwa ncha ya kitenge, akawaambia wanafunzi wasubiri. Alibakiza amri moja ya kukamilisha. Programu aliyokuwa akiijenga ilisoma mstari wa Kiswahili neno kwa neno, ikatafuta maana ya kila neno, kisha ikamwendesha kobe mdogo kwenye skrini: MBELE, KULIA, RUDIA. Kobe alikuwa na kalamu tumboni. Watoto walikuwa wameshachora naye mraba, nyota, na mkurugenzi wa shule mwenye masikio ya punda.

Amri iliyobaki ilikuwa NYUMBANI. Bilonda aliiandika, ila hakuieleza mashine nyumbani ni wapi. Mwalimu mwingine angeandika sifuri na sifuri, katikati ya skrini, akaenda zake kunywa chai. Lakini Bilonda alihamishwa kwa nguvu kutoka mtaa wa Kasulo, na watu wa Kasulo ndivyo walivyo: wakiulizwa wanakaa wapi, pale pa kujibu wanapaacha patupu.

Tshibola wa dawati la mbele akaandika NYUMBANI. Kobe akageuka, akatembea hadi ukingoni mwa skrini, akatoka. Akateremka kwa mguu wa meza, akavuka kizingiti. Nyuma yake ulibaki mstari mweupe.

"Madame, kobe anakimbia!"

"Hakimbie. Umemutuma ku nyumba, njo anaenda."

Wakamfuata. Wenye pikipiki walisimama wampishe, heshima wasiyompa hata padri. Kobe alifika kwenye ukuta wa kampuni ya madini, akapita chini yake.

Ukuta huo ulijengwa kuzunguka Kasulo ilipojulikana kwamba chini ya sebule za watu kuna kobalti, madini ya betri. Siku mashine zilipokuja kubomoa, Polycarpe, mume wa Bilonda, alikuwa ndani ya shimo walilochimba sebuleni mwao, likipinda chini ya ardhi kufuata madini. Bilonda alipiga kelele kwamba mumewe yuko chini. Alijibiwa kwamba chini hakuna mtu, na shimo likajazwa udongo. Kabla ya kampuni hiyo kulikuwa na nyingine, na kabla yake Wazungu wa reli. Wote walikuta chini kuna madini. Hakuna aliyekuta watu.

Lango lilikuwa wazi kwa ajili ya malori. Bilonda alisimama hapo. Mukuna, mkubwa wa walinzi, alimwelekezea bunduki kifuani.

"Mama, hii kobe ni ya nani?"

"Ni yangu, tata."

"Uliituma huku?"

"Nilimutuma ku nyumba."

Ndani, kobe alifuata juu ya lami njia ya shimo lile lililofukiwa, akipinda pale shimo lilipopinda. Akasimama katikati ya maegesho ya magari. Akachora mtu amelala ubavu.

"Ule ni nani?" Mukuna aliuliza. Kidole hakikutoka kwenye bunduki.

"Bwana yangu. Analalaka vile, mukono chini ya kichwa. Mulisema hakuna mutu."

Injinia aliitwa. Alivua miwani ya jua, akauzunguka mchoro kwa makini asiukanyage, akakubali kwamba ni mtu, na kwamba mabega yamechorwa vizuri.

"Basi mumutoshe mu udongo," Bilonda akasema.

"Hapa ni parking, mama," injinia akajibu kwa upole, akaita gari la maji, lile la kutuliza vumbi. Maji yalianza na miguu, yakamaliza na mkono ulio chini ya kichwa.

Kobe alirudi kwenye skrini jioni, amelowa. Mkurugenzi wa shule alimshauri Bilonda aandike sifuri na sifuri, yaishe. Bilonda alifungua programu, akapatazama pale patupu, akaifunga.

Siku hizi, Tshibola akishaandika NYUMBANI, ng'ambo ya ukuta dereva wa gari la maji anawasha injini kabla kobe hajateremka mezani.