Twita za Upande Wangu

Maisha yangu yote vitendawili nimetega mimi, wengine wakakuna vichwa. Hiki kimoja nilitegwa mimi, tena gereji, mbele za watu, na mji wa kutoa sikuwa nao.

Mwanangu alinunua gari lililokwisha kutumika. Gari zuri, viti safi, breki zinashika, ila redio yake ile iliyotoka nalo kiwandani iliongea kama mtu aliyejifunika blanketi. Kila Jumamosi asubuhi mwanangu hunipeleka kumwona dada yangu, mimi kiti cha mbele, mjukuu wangu nyuma. Mjukuu huyo tunamwita Kasuku, maana akiamka na mdomo umeamka. Na Jumamosi asubuhi ndiyo saa ya kipindi cha vitendawili redioni. Zamani mtangazaji hakuwahi kumaliza kutega kabla sijajibu. Mwaka huu akaanza kutafuna maneno. Kasuku anajibu kabla yangu, baba yake anacheka, nami nacheka nao, sijui tunacheka nini.

"Redio hii imekwisha," nikasema siku moja. "Mtangazaji anaongea kama ana pamba mdomoni."

"Mbona mimi namsikia, Bibi?"

"Wewe unasikia kelele zako mwenyewe."

Mwanangu hapendi kubishana nami. "Sawa, Mama. Tutabadilisha redio na spika zote, upate raha yako."

Fundi wa muziki wa magari alikuwa binti mwembamba, bisibisi ameichomeka nyuma ya sikio kama seremala na penseli yake. Alikodi pembe moja tu katika gereji ya mtu. Wenzake walimwita Kimya. Kufunga muziki ndiyo kazi yake, halafu anaitwa Kimya! Nilicheka mpaka nikashika mbavu, naye akatabasamu kwa adabu, akaniletea stuli nikae nimtazame.

Na kazi yake ilitazamika. Alibandua jalada la ndani la mlango polepole, kila kipini akikitia kwenye kopo kisipotee. Akatoa spika ya zamani, karatasi yake imechanika kama sikio la paka mgomvi. Kabla ya kufunga mpya, alibandika ndani ya bati mpira mweusi mnene ili bati lisitetemeke. Mwisho akaweka vispika viwili vidogo mithili ya vifuniko vya chupa, kimoja kila pembe ya kioo cha mbele.

"Hizi ni twita, Bibi. Zinatoa sauti nyembamba. Ndege, filimbi, ncha za maneno."

Akanikalisha kwenye kiti changu, akabonyeza redio. "Unaisikia hii?"

"Ipi?"

Akanitazama. Akatupa jicho nje alikokuwa mwanangu, anaongea na simu. Kisha akainamia redio, akaigeuzageuza kwa muda mrefu. "Haya, Bibi. Itasaidia kidogo."

Kidogo. Neno hilo ningelishika, nisingekuwa nasimulia haya leo.

Jumamosi ile besi ilinipiga mgongoni, nikafurahi. Lakini mtangazaji, pamba ile ile. Tukarudi kwa Kimya, akaongeza kitu. Jumamosi iliyofuata, pamba. Kasuku naye nyuma analalamika masikio yanamuuma, nami namwambia anadeka. Safari ya tatu kwenda gereji nilikuwa nimejaa hadi shingoni.

Gereji ilikuwa na watu. Benchi zima la wateja, na mwenye gereji mwenyewe, bwana mmoja ambaye tumbo lake hufika kabla yake. Nilishuka, sikusalimia mtu.

"Binti, zile spika mpya umezipeleka wapi?"

"Zimo, Bibi. Ndizo hizo."

"Hizo ni makopo! Umetutolea zetu ukatufungia makopo, ukidhani mimi mzee sijui!"

"Mama, taratibu," mwanangu akanishika mkono. Nikauchomoa.

"Taratibu nini? Mwizi anaambiwa taratibu?"

Dereva mmoja wa teksi aliyekuwa benchini akamwambia mwenzake, "Bibi hahitaji spika huyu, yeye mwenyewe ni spika." Wakacheka. Kisha akatafuta funguo zake mfukoni. "Nami nilikuwa nasubiri nifungiwe na huyu huyu. Basi tena." Akaondoka na gari lake.

Mwenye gereji alimtazama Kimya. "Jumatatu utoe vifaa vyako hapa. Sitaki gereji yangu iitwe ya wezi."

Kimya alikuwa anafuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja. Nilidhani atanijibu. Nilitaka anijibu. Akasema tu, "Nisamehe, Bibi." Nami nikapanda gari, kidevu juu, kama mtu aliyeshinda kesi.

Kesho yake, baada ya chakula cha mchana, mwanangu alichukua bisibisi akalifungua mwenyewe jalada la mlango wa upande wangu. Nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha gari, nataka nione makopo kwa macho yangu.

"Mama," akasema. "Spika ni mpya. Hata karatasi ya kiwandani bado imebandikwa nyuma."

"Labda mbovu."

Alizunguka upande wa pili, akachukua flashi aliyotuachia fundi ya kujaribia sauti, akaichomeka. "Hapa kuna filimbi inayopanda," akasema. "Tusikilize kama twita zinafanya kazi."

Nikaweka mikono magotini, nikangoja.

Kasuku akaziba masikio, akapiga kelele, "Baba, punguza!" Mbwa wa jirani, ambaye hajawahi kuamka hata kwa mwizi, aliinuka akaondoka. Mwanangu alikunja uso kama aliyeuma limau. Nami bado nimeweka mikono magotini, nangoja ianze.

"Washa basi," nikasema.

Mwanangu alinitazama, na katika macho yake nikaona lile jicho la Kimya la siku ya kwanza.

"Inalia, Mama."

Alizima. Akatazama kwenye kioo cha redio, akagusa hapa na pale, kisha akanionyesha. Sauti nyembamba za upande wangu zilikuwa zimepandishwa mpaka mwisho. Upande wa dereva zimeachwa katikati. Mtu alikuwa amejua, akajaribu kunisogezea maneno karibu kadiri mashine ilivyoruhusu, asimwambie yeyote.

"Jana alinipigia simu mara mbili," mwanangu akasema. "Nilikuwa na hasira, sikupokea."

Niliingia chumbani nikafunga mlango. Nilipanga vizuri jinsi ya kukwepa. Mwanangu aende, yeye ana maneno mazuri. Au apige simu. Au tuseme tuligundua waya ulikuwa umelegea, tukaukaza, yakaisha, nani angejua? Uwongo ule niliutazama kila upande, ukanipendeza. Nikakumbuka miaka miwili ninavyoitikia "eee, kweli" kwa mambo nisiyoyasikia, ninavyomsema dada yangu kwamba siku hizi anaongea kwa kunong'ona, ninavyomfokea Kasuku aseme kama mtu. Na yule binti na tambara lake, kidole kimoja kimoja. Uso ulinichoma peke yangu gizani mwa pazia.

Jumatatu asubuhi nilimwambia mwanangu, "Nipeleke. Kabla hajatoa vifaa."

Benchi lilikuwa na watu wengine, na wawili watatu wa siku ile. Dereva wa teksi hakuwepo. Kimya alikuwa anapanga bisibisi zake ndani ya sanduku kwa urefu, kuanzia ndogo.

"Shikamoo, Bibi," akasema, na niliona mabega yake yakijikaza.

"Marahaba, mwanangu. Fungua milango yote ya gari hili, uwashe ile filimbi. Kwa nguvu."

"Bibi, si lazima."

"Washa."

Mwenye gereji alitoka ofisini kwake. "Mama, yale yalikwisha, ninamwondoa—"

"Kaa usikie kwanza."

Kimya aliwasha. Benchi lote likaziba masikio. Mmoja akaapa, mwenye gereji akajipiga tumbo kwa mshtuko. Mimi nilisimama katikati yao, mikono nimeiacha ining'inie, ili kila mtu anione vizuri. Uwanja ule ulikuwa mpana kuliko siku ile nilipokuwa nafoka.

Alipozima nikasema, "Mmeisikia nyote? Mimi sikuisikia hata kidogo. Spika zake nzima, kazi yake nzima. Nilimwita mwizi, na kilichoibiwa ni masikio yangu, tena zamani, nikaficha, hata mjukuu wangu alipolia huko nyuma kwamba yake yanamuuma. Binti huyu alijua akanisitiri. Mimi nikampaka matope mbele yenu."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Mwenye gereji alikuna shingo. "Basi abaki," akasema, akarudi ofisini haraka, maana naye alikuwa na aibu yake.

Nikamwuliza Kimya kwa nini hakusema.

"Ningesemaje, Bibi? Watu walikuwa wamejaa."

"Na yule wa teksi?"

"Ameshafungiwa kwingine."

Hilo sikuwa na dawa yake. Nililibeba, ninalo hadi leo.

Alichukua bisibisi moja kutoka sandukuni, akaja upande wa mlango wangu, akasema jambo huku ameinama. Niliona midomo ikisogea. Kichwa changu kilishaanza kuitikia chenyewe kama kawaida yake, eee, kweli, na tabasamu juu. Nikakizuia. Watu walikuwa wananitazama.

"Sikusikia," nikasema. "Rudia, mwanangu."

Akanyanyuka, akasimama mbele yangu nione uso wake. "Nimesema, ukae kitini. Nizipunguze hizi za upande wako. Mtoto anaumia huko nyuma."