Mkono wa Nanjala

Likizo ile ya Desemba nilirudi nyumbani Kabuchai nikiwa na nia moja tu, nayo ilikuwa kulala. Nilikuwa nimemaliza kidato cha kwanza katika shule ya bweni iliyo juu huko kwenye miteremko ya Elgon, ambako mtu huamshwa na kengele, huoga maji ya barafu na hula maharagwe yenye wadudu waliokaa shuleni muda mrefu kuliko yeye. Nilistahili kupumzika. Lakini mama alinipokea mlangoni akiwa bado ameshika jembe.

"Wekoye, wewe ndiye umesoma hapa. Nitafutie njia huyu mtoto aingie nasari. Mimi nimechoka."

Alisema "nimechoka" kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja kijiji alikotoka.

Huyu mtoto ni Nanjala, kitinda mimba wetu, ambaye wakati huo alikuwa nyuma yake akitafuna muwa. Alizaliwa katika ukame wa 1984, tulipokula mahindi ya manjano ya msaada yaliyonuka gunia, na mama alimnyonyesha kwa maziwa ambayo hayakuwapo. Sasa 1991 ilikuwa mlangoni, Nanjala ana miaka sita, na mwili wake ulikuwa wa mtoto wa minne. Akili yake ilikuwa ya mzee wa baraza, hasa kuhusu mambo ya sukari.

Ni lazima nieleze sheria ya kwetu. Cheti cha kuzaliwa hakikuulizwa na mtu, kwa kuwa wachache walikuwa nacho. Mtoto alipelekwa mbele ya Mwalimu Bramwel, aliyefundisha nasari ndani ya kanisa letu, akaambiwa apitishe mkono wa kulia juu ya kichwa na kushika sikio la kushoto. Aliyeshika ameiva. Ambaye hakushika alirudishwa nyumbani kula ugali mwaka mwingine. Januari iliyotangulia Nanjala aliishia juu ya utosi. Siku hiyo hiyo mtoto wa mwenyekiti wa ushirika, wa miaka minne, mwenye mikono ya golikipa, alishika sikio na kulivuta, akaingia. Huyo alizaliwa kwenye nyumba yenye ng'ombe wa maziwa. Mimi mwenyewe nilishika langu mapema, maana nilizaliwa mwaka ambao miwa ililipa na ng'ombe wetu walikuwa bado wetu.

Kwa hiyo kila asubuhi mama alimpeleka Nanjala kwenye mashamba ya miwa ya watu, ambako alipalilia ili mimi nile yale maharagwe ya shuleni. Mtoto alikaa kwenye tuta akimngoja. Mwezi wa kumi nyoka alipita karibu na miguu yake. Tangu siku hiyo mama alipalilia akiangalia nyuma, na mwenye shamba akalalamika kwamba kazi yake imekuwa polepole na kwamba mwaka ujao atachukua mtu asiye na mtoto.

Niliunda kamati ya mwanachama mmoja, nikajichagua mwenyekiti. Azimio la kwanza lilikuwa kumning'iniza Nanjala kwenye mpera kila asubuhi ili mkono urefuke.

"Umerefuka?" nilimuuliza.

"Umerefuka mpaka unauma."

"Hiyo ni dalili njema. Shika sikio."

Alijaribu. Vidole viliishia pale pale.

Azimio la pili lilikuwa kumnyoa, kwa sababu nywele ni mlima usio wa lazima. Nilitumia wembe wa baba. Mama aliporudi jioni alimtazama Nanjala kwa muda mrefu, kisha akanitazama mimi.

"Umemfanya mtoto wangu kama mfungwa."

"Mama, tumepata nafasi ya unene wa nywele. Sasa kidole cha kati kinagusa ncha ya sikio."

"Bramwel hataki kugusa. Anataka kushika." Alikaa kwenye kinu kilicholala ubavu na kuvua viatu vya mpira. "Mpeleke kwa babako Kitale. Nasikia huko hawashiki masikio."

Baba yangu alifanya kazi Kitale katika duka la Madanlal, ambako alibeba mabati, misumari na magunia ya mbolea tangu nikiwa mdogo, na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi akiwa ameinama zaidi kidogo kuliko mwezi uliopita. Nasari zilipofunguliwa Januari, wiki moja kabla ya bweni letu, nilimchukua Nanjala tukaenda. Tulimkuta baba ameketi juu ya mifuko ya saruji, na mbele yake msichana mdogo mwenye soksi nyeupe na mkoba mgongoni. Huyo alikuwa Vidya, mjukuu wa Madanlal, ambaye alikuwa amerudi kutoka nasari na alikuwa akimngoja babu yake afunge.

Vidya alimkagua Nanjala kuanzia kichwa kilichonyolewa hadi miguuni.

"Wewe iko klasi gani?"

"Sijaanza," alisema Nanjala. "Mkono haujafika."

"Haujafika wapi?"

Nanjala alimwonyesha. Vidya naye akajaribu, akacheka, maana mkono wake ulikwama katikati ya kichwa kama mtu anayejikuna. Alikuwa na miaka mitatu na nusu. Alikuwa nasari tangu alipotimiza mitatu, na alitutajia rangi zote za mabati kwa Kiingereza.

Nilisimama wima na kutangaza kwa sauti ya mkaguzi wa shule. "Huyu arudishwe nyumbani. Bado hajaiva."

Madanlal alicheka nyuma ya kaunta. Dukani alikuwamo pia Kartar Singh, mwenye karakana ya matrekta, aliyekuja kununua misumari. Nilimgeukia kwa heshima zote.

"Mzee, na wewe tafadhali. Ni sheria ya kwetu Bungoma."

Kartar Singh aliinua mkono wake mnene, akaupitisha juu ya kilemba chake kikubwa cha buluu, akatafuta sikio. Vidole vilipapasa kitambaa, vikachoka.

"Samahani, mzee," nikasema. "Jaribu mwaka ujao."

"Arre! Miaka sitini na mimi bado toto!" Alicheka mpaka misumari ikamwagika. "Madanlal, sikia, mimi iko bado nyonya!"

Hata baba alicheka, na kucheka kulimfanya ashike kiuno. Kisha akanivuta kando.

"Usizoee, bana. Hawa ni wazee." Akamtazama Nanjala aliyekuwa amefungua mkoba wa Vidya na kunusa kitabu. "Bosi amesema na Madam wa nasari ya Vidya. Nendeni sasa hivi kabla hajafunga. Mimi siwezi kuondoka, kuna lori la mbolea."

Madam Jerono, mkuu wa nasari ile, alikuwa mwanamke mpole mwenye miwani na mafua. Chumba chake kilikuwa na viti vidogo vya rangi, na ukutani kulikuwa na picha ya tufaha, tunda ambalo Nanjala alidhani ni pera lililoungua jua. Hakugusa sikio la mtu. Aliuliza baba anafanya kazi gani, nikasema yuko katika biashara ya mabati. Aliuliza nyumbani tunazungumza lugha gani, nikasema tunazungumza mara chache kwa sababu ya uchovu. Alinitazama juu ya miwani, akaona afadhali aulize mtoto.

"Jina lako nani, mpenzi?"

"Nanjala," alisema dada yangu, akatabasamu kwa mdomo wote.

Madam Jerono aliinama karibu. Meno mawili ya mbele hayakuwapo. Moja lilitoka wakati wa Krismasi, lingine mwenyewe alikuwa amelimeza na muwa.

"Huyu ana miaka mingapi?"

"Sita, Madam."

"Sita? Si ni wa darasa la kwanza huyu! Mimi nachukua wa miaka mitatu. Ameshapoteza meno, atakaaje na hawa wachanga?"

"Basi tumpeleke darasa la kwanza."

"Darasa la kwanza hawawezi kumchukua kama hajapitia nasari." Alipenga makamasi, akasema kwa huruma ya kweli, "Pole sana. Mlichelewa kuja."

Usiku ule tulilala kwenye chumba cha baba nyuma ya duka, na asubuhi tukarudi Kabuchai. Mama alikuwa anapepeta maharagwe. Nilimpa taarifa yangu kwa ufupi, bila mzaha, jambo ambalo lilimshtua zaidi ya taarifa yenyewe. Aliweka ungo chini.

"Huku ni mdogo. Kule ni mkubwa." Alipangusa uso kwa mkono wenye makapi. "Sasa mtoto wangu ni saizi ya wapi?"

Nanjala ndiye aliyemjibu. "Mayi, mimi ni saizi ya hapa," akaketi mapajani mwake, na mama alikuwa amechoka mno asiweze kumwondoa.

Jumatatu tulikwenda kanisani sisi watatu. Mama alikuwa amebeba jembe lake, kwa kuwa akitoka pale, vyovyote itakavyokuwa, ilibidi apitilize kwenye miwa. Mwalimu Bramwel alikuwa ameketi mlangoni, na mbele yake foleni ya wazazi na watoto wenye mikono hewani, kama ibada ya dhehebu jipya. Ilipofika zamu yetu, Nanjala alipitisha mkono. Alinyoosha mpaka akasimama kwa vidole vya miguu. Kidole cha kati kiligusa ncha ya sikio.

"Amegusa," nikasema.

"Hajashika," akasema mwalimu. "Mama Wekoye, mrudishe. Mwaka ujao."

Mama hakubishana. Aliinua jembe begani na kumshika Nanjala mkono, na wakaanza kuondoka kuelekea mashambani. Hapo ndipo nilipokasirika, na mimi nikikasirika huwa na adabu nyingi kupita kiasi.

"Mwalimu, naomba swali moja la kielimu. Ukienda sokoni Chwele kununua fahali, unamwambia ashike sikio?"

Foleni ikaguna.

"Wewe kijana, nani amekufundisha dharau?"

"Si dharau, mwalimu. Nauliza unamtambuaje umri wake."

"Si namfungua mdomo!"

"Nanjala, rudi. Fungua mdomo."

Alirudi mbio akafungua. Mwalimu Bramwel hakutaka kutazama, lakini mdomo ule ulikuwa mbele ya pua yake. Aliona pengo, na ndani ya pengo ncha nyeupe ya jino la ukubwani likichungulia.

"Mwenye miaka minne hana hiyo," nikasema. "Njaa ilikula mkono wake, mwalimu. Haikuweza kula miaka."

Mwalimu aliufunga mdomo ule kwa kidole kimoja. Kisha akainuka, akanishika bega na kunipeleka ndani, mbali na foleni. Ndani mlikuwa na mabenchi machache ya kanisa, na watoto tayari walikuwa wameketi hadi kwenye ngazi za madhabahu.

"Unafikiri sijui?" aliniambia kwa sauti ya chini. Macho yake yalikuwa mekundu. "Nilimwona huyo mtoto akibatizwa. Najua mwaka. Lakini niko peke yangu hapa, Wekoye. Kila mtu anataka niwachunge watoto wake aende shambani. Nikiwakataa kwa mdomo wangu, wananichukia. Nikiwakataa kwa sikio, wanachukia sikio. Mkono haubishani. Nikianza kufungua midomo, kesho nitafungua midomo ya Kabuchai nzima."

Sikuwa nimetarajia kumwonea huruma. Ilinivuruga.

"Basi mfungue mmoja tu," nikasema.

Alitazama nje, ambako mama alisimama na jembe begani, hakuliweka chini wala hakuondoka.

"Aje na gunia lake la kukalia," alisema. "Benchi hakuna."

Alikuwa nabii, yule mwalimu. Kesho yake foleni nzima ilikuja na midomo wazi. Wengine walikuwa na mapengo halali. Mmoja alikuja na damu mbichi kwenye fizi, na uzi bado ukining'inia kwenye kifungo cha shati, maana baba yake alikuwa amemsaidia umri alfajiri ile. Mwalimu Bramwel aliniita kwa kidole, akaniweka kwenye kiti chake mlangoni, akaingia ndani kufundisha. Nilikagua midomo ya watoto hadi shingo ikakakamaa, huku wazazi wakinitukana, na nikaelewa kwa nini mtu anaweza kulipenda sikio.

Nanjala alikuwa ndani juu ya gunia lake, katikati ya watoto waliomzidi urefu na waliozidiwa naye miaka. Kupitia mlangoni nilimsikia akiimba herufi kwa nguvu, moja nyuma ya wenzake. Mama hakuwapo. Alikuwa kwenye miwa, na kwa mara ya kwanza tangu Oktoba alikuwa akipalilia akiangalia mbele.

Mchana walipoachiliwa, Nanjala alitoka amekunja gunia lake vizuri na kulibana kwapani. Tulikwenda nyumbani pamoja, na mama alipofika jioni alimkuta amekaa mlangoni, miguu ameoshwa, anamngoja.

"Mayi, nimesoma," alisema. "Nimemaliza."

Mama alishusha jembe. "Umemaliza nini, mama?"

"Kusoma. Gunia nimerudisha."

Mama alinitazama. Mimi nilikuwa napakia sanduku langu la bati, kwa sababu asubuhi ilibidi nirudi bweni, na sikuwa nimelala likizo nzima.

"Kesho unarudi tena," mama alimwambia.

"Tena?"

"Na keshokutwa."

Nanjala alifikiri. Akageuka kwangu taratibu, akaniuliza kwa hofu ya kweli, "Kwani wewe umeenda mara ngapi?"

Nilitaka kumjibu kwa kichekesho. Mama alikuwa ameshaketi sakafuni, mgongo ukutani, na kabla sijasema lolote alikuwa amelala.