Kioo cha Mkobani

Miaka yote binti yake alipokuwa akipanda madarasa, Madamu alijiambia kimoyomoyo: bado kidogo, ataingia kwangu. Yeye ndiye aliyekuwa mwalimu pekee wa Kifaransa pale shuleni. Alikisoma ukubwani, kwa jasho, mbele ya kioo kidogo ambacho mpaka leo hakitoki mkobani mwake. Basi mwaka huo huo binti alipofika, mkuu wa shule naye akaona ndio wa kuleta Mfaransa wa kuzaliwa. Wanafunzi wachague wenyewe, akasema.

"Mama, usikasirike," binti alisema huku akifunga viatu. "Mimi nataka kusoma kwa mwenye lugha yake."

"Haya, mwanangu." Iliuma, iliuma kwelikweli.

Wiki chache baadaye binti akarudi macho mekundu. Kuna sauti ya Kifaransa imemshinda kutamka, darasa zima limemcheka, na mwalimu kazi yake kuirudia tu, kila mara kwa nguvu zaidi, utadhani watoto wa watu ni viziwi. Madamu akafungua mdomo amsaidie.

"Acha, Mama. Utanichanganya bure."

Kesho yake Mfaransa akamfuata chumba cha walimu, uso umemshuka. "Madamu, mimi sauti hii hata sijui naitoaje. Inatoka tu. Wewe uliipataje?"

Angeweza kumwacha aumbuke. Tusidanganyane, roho ilimtuma hivyo. Lakini mle darasani alikuwemo mwanawe. Akatoa kioo. "Waambie waseme 'i'. Ulimi ubaki pale pale. Halafu wakunje midomo kama wanapuliza chai ya moto, huku wanajitazama." Akamwelekeza mpaka akaelewa. "Ila usinitaje. Kuna mmoja akijua yametoka kwangu, hatayashika."

Jioni iliyofuata binti aliingia mbio, hata mkoba wa shule hajautua.

"Mama, nimeipata! Sikiliza!" Akaitoa ile sauti, safi kabisa. "Mwalimu katufundisha kwa kioo. Unaona sasa? Mwenye lugha ni mwenye lugha. Nyie wengine mngeyajulia wapi haya? Kesho kila mtu aende na chake. Niazime kile chako basi."

Madamu akafungua mkoba, akampa.

"Usikivunje tu, mwanangu," akasema, kisha akainamia kikombe chake akawa anapuliza chai iliyokwisha kupoa zamani.