Jino la Jumatano

Nyumbani walimwita Redio, na aliyempa jina hilo hakukosea. Tangu alipojua kutamka maneno mawili hakuwahi kuzimwa. Alisimulia ndoto kabla hajanawa uso, alisoma kwa sauti maandishi ya kwenye sabuni, na alitoa maoni juu ya nguo za wateja wa mama yake, fundi cherehani, wakati wateja wenyewe wangali wamezivaa. Ndipo akatimiza miaka kumi na sita, na katikati ya muhula wa pili Redio akanyamaza.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini wahenga hawakuwa na cherehani tatu na wateja wanaotaka nguo zao Jumamosi asubuhi. Mama aliutazama ukimya ule akadhani binti amekua. Akamshukuru Mungu, akaendelea kushona.

Kumbe binti alikuwa anaogopa. Kila asubuhi, akishika tu mkoba wa shule, moyo ulimwenda mbio kana kwamba anakimbizwa, viganja vikaloa jasho, kifua kikambana. Mara nyingi alifika kwenye geti la shule akageuza, akakaa nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi mpaka saa ya kurudi nyumbani. Alijiuliza anaogopa nini hasa, asipate jibu, na kukosa jibu kukamtisha zaidi. Alidhani anapata wazimu. Neno hilo alilibeba peke yake, akiosha vyombo, akifua, akijibu "sijambo" kwa kila aliyemwuliza.

Alitafuta msaada mahali ambapo vijana wote hutafuta kila kitu, kwenye simu. Hospitali ya kwanza iliyojitokeza ilikuwa ya binafsi, ina picha ya daktari anayetabasamu, na chini yake bei ya saa moja. Redio alipoiona bei akaelewa kwa nini daktari anatabasamu. Akapata namba ya kupiga bure. Akajifungia chooni, kwa kuwa ndicho chumba pekee cha nyumba ile chenye komeo, akapiga. Sauti nzuri ikamwomba asubiri, muziki ukaanza, na kabla muziki haujaisha mama akawa anagonga mlango. "Uko peke yako humo, au mna harusi?"

Kisha akaliona tangazo kwenye ubao wa shule, limebandikwa nusu juu ya ratiba ya mtihani. Kituo cha afya kilikuwa kinatoa ushauri nasaha kwa vijana wa miaka kumi na tatu hadi kumi na tisa, kila Jumatano, saa nane mchana hadi saa kumi, chumba namba saba. Bure. Si lazima kuja na mzazi. Alilisoma mara tatu akitafuta mtego.

Mtego haukuandikwa pale. Ulikuwa umekaa dirishani. Kila aliyeingia kituoni sharti apite dirisha la mapokezi, na dirishani alikaa shangazi yake, dada wa baba yake, mwanamke mwenye moyo wa dhahabu na koo la tarumbeta. Shangazi hakuwahi kuona haja ya kunong'ona. "Wa kisukari, kulia! Wa upele, subiri, usijikunie hapo! Wewe wa kuharisha, pita mbele, mpisheni jamani!" Mtaa mzima ulijua nani ana bawasiri. Ukimlalamikia, alikujibu kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na kwa haki, tangu aanze kazi hakuna mgonjwa aliyepotea njia.

Redio akapiga moyo konde. Jumatano ile akavaa sare safi, akapanga foleni, akawa anarudia kimoyomoyo: chumba namba saba, chumba namba saba. Alipofika dirishani akageuka, akaona nyuma yake amesimama mwalimu wa hesabu, na nyuma ya mwalimu wateja wawili wa mama yake.

"Ee, mtoto wa kaka yangu!" shangazi akanguruma. "Unaumwa nini, mama?"

"Jino," akasema Redio.

Lilimtoka tu. Hata hivyo halikuwa neno la kijinga. Meno yalitibiwa chumba namba sita, na wa sita na wa saba walikaa benchi moja. Angekaa pale, watu wakigeuza macho, yeye angeteleza hadi mlango wa pili. Mpango ulikuwa mzuri, ila haukuuhesabu upendo. Shangazi alifunga dirisha, akamshika mkono, akampitisha mbele ya watu tisa huku akitangaza, "Tupisheni, mtoto huyu ana maumivu!" Akamlaza mwenyewe kwenye kile kiti cha meno, akarudi kazini ameridhika.

Daktari wa meno alikuwa mzee mpole mwenye tabia moja. Maswali yake yote aliyauliza baada ya kukujaza vyuma mdomoni.

"Uko kidato cha ngapi?"

"Aa."

"Vizuri sana. Na somo gani linakusumbua?"

"Aa-aa."

"Hata mimi lilinishinda." Akagonga jino moja. "Hili linauma?"

Redio akaguna. Daktari akagonga la upande wa pili, Redio akaguna tena, kwa kuchelewa kidogo. Akagonga la juu, la chini, la mwisho kabisa. Yote yaliuma. Mzee akatoa vyuma vyake kimoja kimoja, akavua miwani.

"Mjukuu wangu," akasema, "meno haya ningeyapiga picha nikayatundika ukutani. Na meno ishirini na nane yakiuma yote kwa mpigo, basi si meno."

Redio akaangua kilio. Hakulia kwa adabu hata kidogo. Alilia mpaka kamasi, huku akieleza kwa pumzi moja kwamba asing'olewe, kwamba alikuwa anataka chumba cha saba, ila shangazi, ila dirisha, ila mwalimu wa hesabu.

"Najua," akasema daktari, akampa furushi la pamba kwa kuwa hakuwa na leso. "Wewe ni wa tano mwezi huu. Kila Jumatano naletewa vijana wenye meno kama ya kwenye matangazo. Ofisi ya juu ilipoona idadi ya vijana wanaougua meno ikashtuka, ikaniletea katoni mbili za miswaki." Akaliendea kabati la vifaa, akalisukuma kwa bega. Nyuma yake kulikuwa na mlango. Akaugonga mara mbili. "Mwenzangu! Jino jingine hili!"

Chumba cha saba kilikuwa kidogo, kina feni inayolalamika na viti vya plastiki vilivyopandanishwa pembeni. Mshauri, dada mmoja aliyekuwa amevua viatu chini ya meza, akamkaribisha na kumwambia kwamba atakayoyasema hayatatoka mle ndani, isipokuwa akiona maisha yake yako hatarini, na hata hapo atamwambia yeye kwanza.

"Na nikinyamaza je?" Redio akauliza.

"Tutasikiliza feni."

Wakasikiliza feni kama dakika mbili. Kisha Redio akagusia habari ya mkoba wa shule, na baada ya hapo hakuna aliyeisikia feni tena. Alizungumza dakika hamsini. Mshauri akamwambia kitu hicho kina jina, ni wasiwasi uliopitiliza, wala si wazimu. Vijana wengi wanao, na unatibika. Akamfundisha kupumua, atoe pumzi kwa muda mrefu kuliko alivyoivuta, akamwambia arudi Jumatano. Redio alitoka na mswaki mpya mkononi, mwepesi, amefurahi kiasi cha kuona aibu.

Njia ya mwongo ni fupi, ila ya Redio ilikwenda wiki nne. Alipofika nyumbani shangazi alishapiga simu na mama alishapika supu. Ikawa kila Jumatano jino, kila Alhamisi supu, na asionekane akitafuna kitu. Akaanza kukaa darasani siku tatu kwa wiki, baadaye nne, huku tumbo likimnguruma. Siku moja alimwambia mteja kwamba rangi ya gauni lake inamzeesha, na mama, badala ya kumkemea, akatabasamu.

Mshauri alimwambia mara mbili kwamba si lazima, lakini mambo yangekuwa rahisi kama mtu mmoja nyumbani angejua. Mara zote mbili Redio akajibu, "Bado." Kilichomfunga mdomo kilikuwa mama mwenyewe. Mama angejiuliza alikosea wapi kumlea, angejilaumu, angelia juu ya vitambaa vya watu, na Redio aliona heri anywe supu maisha yake yote kuliko kumtia mama yake doa hilo.

Jumatano ya tano, akiwa katikati ya kusimulia, wakasikia mlango wa chumba cha sita ukifunguliwa bila hodi.

"Daktari!" Ilikuwa sauti ya mama. "Wiki ya tano hii! Mmemng'oa mangapi mwanangu? Na yuko wapi?"

"Wifi, nilimwona akiingia hapa," ikafuata sauti ya shangazi. "Kwa macho yangu haya!"

"Mama, kaa kwanza," daktari akasema. "Mambo ya mgonjwa wangu siwezi..."

"Mgonjwa wako nimemzaa mimi!"

Redio akaganda, na moyo ukaanza mbio zake. Mshauri hakuinuka. Akamwambia kwa sauti ya chini, "Mlango huo una komeo upande wetu. Ukitaka tulifunge, tutalifunga, na mzee atawatoa nje kwa upole, ana uzoefu. Ukitaka kufungua, mimi nipo. Uamuzi ni wako."

Redio akatoa pumzi, ndefu kuliko aliyoivuta. Akaenda akausukuma mlango kwa mikono miwili. Kabati likasogea likikwaruza sakafu, naye akachomoza ukutani. Shangazi akalitaja jina la Mungu.

"Mama, sina jino linalouma," akasema. "Ninaogopa. Kila asubuhi naogopa mpaka nashindwa kupumua, na sijui naogopa nini. Huwa nakuja kuzungumza na dada huyu. Hawatozi kitu. Na wewe hujakosea popote, mama, naomba usilie."

Mama alikuwa amekuja na vita yake yote, na sasa hakuwa na pa kuipeleka. Akatafuta pa kukaa, akakaa kwenye kiti cha meno, na kiti kikalala naye taratibu mpaka akawa anatazama dari. Hakuna aliyethubutu kucheka.

"Kwa nini hukuniambia pale dirishani?" shangazi akauliza.

"Ungetangaza, shangazi."

"Ningetangaza," shangazi akakubali, kwa sauti ndogo ambayo hata daktari hakujua kwamba anayo.

Mama bado alikuwa anatazama dari. "Hapa kifuani," akasema, "ni kama mtu amekukalia? Na viganja vinaloa?"

"Nani amekwambia?" Redio akauliza, kwa sababu viganja hakuwa amevitaja.

"Hakuna aliyeniambia. Nilikuwa na umri kama wako. Mimi nilisema ni tumbo. Wakaninywesha dawa ya minyoo mwaka mzima."

Mshauri alikuwa amesimama mlangoni, miguu mitupu. "Na siku hizi, mama?" akauliza. "Siku hizi unasema ni nini?"

Machozi yalikuwa yanamtiririkia mama masikioni kwa jinsi alivyolala, na hakuyafuta.

"Siku hizi nasema ni mgongo."

Redio akamnyooshea mkono, akamwinua. Mshauri alishageuka, anachomoa kiti cha tatu.