Sakafu ya Gereji ya Kilonzo

Tangu yeye na mkewe walipokwenda Kitui kumzika shemeji yake Kitheka, Kilonzo hakuifungua tena gereji yake. Aliupiga mlango kufuli, ufunguo akautundika shingoni, na kila alfajiri akawa anatoka Kawangware kwa miguu kwenda kusimama kwenye mageti ya viwanda pamoja na wanaume wengine wanaotafuta kibarua. Fundi ambaye wenye magari walikuwa wakimgongea hata Jumapili kabla ya kanisa, sasa alibeba magunia ya watu. Akirudi jioni alipita kando ya gereji amegeuza uso, akaingia nyumbani, akala kilichopo, akalala.

Gereji yenyewe ilishikamana na nyumba. Kilonzo aliijenga mara tu alipouziwa kile kiwanja na mama Wamucii, mawe pande mbili, mabati juu. Sakafu aliimwaga mwenyewe kwa haraka, mchanga mwingi simiti kidogo, juu ya udongo ambao haukushindiliwa. Magari yakaingia na kutoka. Mafuta yakamwagika, maji ya mvua yakapenya chini ya mlango, simiti ikachubuka na kupasuka, na pale katikati pakatitia hata pakawa kama karai. Nzembi, mkewe, alikuwa amesema mpaka akachoka.

"Baba Mumbua, hiyo sakafu."

"Nimekusikia. Wacha nimalize hili gari."

Lakini gari moja likiisha huja jingine, na kazi haimwambii mtu pumzika.

Kitheka alikuwa ndugu yake Nzembi, kitinda mimba wa mama yao. Alikuja Nairobi kufanya kazi kwa shemeji yake, akaishika upesi, mtu wa mbinja na utani, hata majirani wakawa wanamwita wao. Siku hiyo alikuwa chini ya Pijo nyeupe, jeki ikainama, gari likamshukia kifuani. Nzembi alikuwa sokoni. Aliporudi alikuta umati mlangoni, na watu wakamfungulia njia bila kumwangalia usoni.

Kule Kitui maneno yalikuwa mengi. Wengine walisema Kilonzo alikuwa amelewa. Wengine walisema alimwacha kijana chini ya gari akaenda zake kilabuni. Siku ya mazishi mtu mmoja, bila kumtaja yeyote, alikumbusha kwamba asiyeziba ufa hujenga ukuta, na wote waliokuwapo wakatazama chini. Kilonzo hakujitetea. Nzembi alikaa upande wa wafiwa, mume wake akakaa peke yake, na mke hakujua amlilie nani kwanza.

Basi ikapita miezi, na ujumbe ukaja kupitia kwa Nzomo, mtu wa kwao aliyekuwa na duka la makaa: mama yake Nzembi, mzee Kalekye, anakuja Nairobi. Haji kusalimia. Alitaka kupaona mahali mtoto wake alipokufa.

Nzembi aliposikia hayo alikumbuka lile shimo katikati ya sakafu, na doa ambalo alilisugua kwa maji ya moto na sabuni hata mikono ikavuja damu, lisitoke. Mama yake asimame pale? Alitoa akiba yake ya kuuza vyondo vya kusuka, akavuka Barabara ya Ngong, akateremka hadi Kianda kule Kibera kumtafuta Murunga, fundi wa mawe aliyekuwa akiimba naye kwaya.

Murunga alimsikiliza mpaka mwisho. "Mama Mumbua, nitakuja. Lakini mwenye nyumba anajua?"

"Atajua."

"Hilo si jibu."

"Ndilo nililo nalo, fundi."

Asubuhi ya pili, Kilonzo alipokwisha kwenda, Murunga alifika na sururu na nyundo kubwa. Nzembi mwenyewe ndiye aliyeling'oa komeo. Mlango ulipofunguka harufu ya grisi iliyolala ikawapiga usoni, na kofia ya Kitheka ilikuwa bado inaning'inia kwenye msumari. Nzembi aliitoa, akaikunja, akaiweka ndani ya kanga. Kisha akamwambia Murunga aanze.

Sakafu ilivunjika kama biskuti. Murunga alitikisa kichwa. Mahali pengine simiti haikuzidi unene wa kiganja, na chini yake udongo ulikuwa umelowa, laini kama ugali. "Hapa hata baiskeli ingezama," alisema, halafu akaona uso wa Nzembi, akaiinamia sururu tena.

Jua lilikuwa limeinama Kilonzo aliporudi. Alisimama mlangoni, vumbi la magunia kichwani, akayatazama mabonge yaliyolundikwa nje. Murunga aliweka nyundo chini, akasogea kando.

"Nani amekuambia uvunje?" Kilonzo alimuuliza mkewe kwa sauti ndogo.

"Mama anakuja."

"Kwa hivyo unataka kumficha asione."

"Nataka asilione lile doa, baba Mumbua! Wewe ungetaka kuliona, la mwanao?"

Pale katikati, penye lile bonde, Murunga alikuwa bado hajapagusa. Kilonzo aliliona hilo. Akavua koti, akaokota nyundo, akaanza kupiga. Alipiga bila kupumzika, pumzi zikimtoka kwa sauti, vipande vikimrukia miguuni, na hakuna aliyethubutu kumwambia basi. Alipokwisha aliketi juu ya kifusi na viganja vyake vilikuwa vimechunika.

Kesho yake walikuwa wamekwisha kushindilia mawe na kokoto, na Murunga anachanganya simiti, Kalekye alipotokea akifuatana na Nzomo. Alikuja mapema kuliko walivyomtarajia. Mwanamke mrefu, mkavu, kanga nyeusi begani. Kilonzo alipomwona tu alipita nyuma ya nyumba, kwa sababu kwa Wakamba mkwe hasimami mbele ya mama mkwe wake hivihivi; huheshimiana kwa mbali, hata chakula hawali pamoja. Siku hiyo heshima na aibu vilikuwa kitu kimoja.

Kalekye alichungulia ndani. Akaona mawe mapya, mbao zilizopangwa kusawazishia, toroli la mchanga.

"Ni hapa?"

"Ni hapa, Mwaitu," alisema Nzembi, akimwita mama kwa Kikamba.

"Iko wapi sakafu?"

"Tumeivunja. Ilikuwa mbaya. Ndiyo iliyo..."

"Nimetoka Kitui nipaone mahali mwanangu alipolala, nanyi mmepachimba mkapatupa." Hakupaza sauti. "Wewe ni dada yake. Hata wewe?"

Nzembi alikuwa amedhani anamwepusha mama yake na uchungu. Sasa aliona amemnyang'anya kitu ambacho hakikuwa chake peke yake. Akapiga magoti palepale kwenye kokoto.

"Nisamehe, Mwaitu. Niliogopa."

Kalekye alimtazama, kisha akainua uso kuelekea nyuma ya nyumba. "Mwambie mume wako aje."

"Mwaitu, si vizuri..."

"Najua si vizuri. Mwambie aje."

Kilonzo alikuja, kofia yake mkononi, akasimama mbali, macho chini. Murunga na Nzomo wakajifanya wanatafuta maji.

"Nimeambiwa mengi," alisema Kalekye. "Nimeambiwa ulikuwa mlevi. Nimeambiwa hukuwapo. Leo niambie wewe."

Redio ya jirani ilikuwa ikisoma habari.

"Nilikuwapo, Mama," Kilonzo alisema. "Sikuwa nimekunywa. Jeki niliiweka mimi. Sakafu ilikuwa na bonde, nikaweka ubao chini yake isimame, kama nilivyofanya siku zote. Ubao ukapasuka." Akaikunja kofia mkononi. "Hakufa papo hapo. Aliniita. Alisema, 'Shemeji, inua.' Nikachukua jeki nyingine. Nikaipandisha, ikazama. Nikaihamisha, ikazama tena. Hapakuwa na mahali pa kuisimamisha, Mama. Kila nilipoinua, sakafu ilikuwa inakwenda chini. Nikapiga kelele, watu wakaja wakalibeba kwa mikono, lakini alikuwa amekwisha nyamaza."

Nzembi aliziba mdomo kwa kanga. Miezi yote hiyo walikuwa wamelala kitanda kimoja, na hilo la jeki kuzama hakuwahi kulisikia. Akaelewa kwa nini mume wake alikuwa akishtuka usingizini mikono ikisukuma juu, juu.

"Alisema nini kingine?" Kalekye aliuliza.

"Hakuna kingine. Alinishika mguu wa suruali."

Mama alikaa chini juu ya jiwe. Hakulia. Alikaa kama mtu anayesikiliza mlango wa mbali, na Kilonzo akabaki amesimama, machozi yakimchuruzika mpaka kidevuni bila kuyafuta. Murunga alirudi na debe la maji, akasita. Rundo la simiti lilikuwa limeanza kukauka juu.

"Fundi," Kalekye alisema hatimaye, "hiyo ikikaa si itaharibika?"

"Itaharibika, mama."

"Basi mwaga."

Akamgeukia Kilonzo, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu amwoze binti yake. "Sijakusamehe. Sitaki kukudanganya. Pengine nitaweza, pengine sitaweza. Lakini mtoto wa mtu mwingine asife hapa. Mwaga vizuri."

Walimwaga mpaka giza likaanza. Murunga alivuta ubao kutoka ukuta hadi ukuta, akapima kwa pimamaji, akaongeza, akapunguza. Kilonzo alichanganya na kubeba. Kalekye hakuondoka mpaka sakafu ikalala sawa. Kisha akaenda kulala kwa Nzomo, na kesho yake asubuhi akapanda basi. Nzembi alimpa ile kofia. Akaipokea kwa mikono miwili.

Kwa juma zima Nzembi aliilowesha sakafu kwa maji na kuifunika magunia, na Kilonzo akaacha kwenda viwandani. Gereji ikafunguliwa. Wenye magari walirudi mmoja mmoja, wengine hawakurudi. Kilonzo hakumruhusu mtu mwingine kuingia chini ya gari. Aliingia mwenyewe, akishatanguliza magogo manne ya kulibeba gari, na Nzembi, popote alipokuwa nyumbani, hakuweza kufanya kazi mpaka asikie anatoka.

Mwisho wa mwaka walikwenda Kitui. Ndugu zake Nzembi hawakumsalimu Kilonzo. Alikaa nje ya boma, chini ya mti wa miiba, tangu asubuhi, watoto wakimzunguka na kumwacha. Mchana Kalekye alijaza uji kwenye kibuyu, akakishika kwa muda, kisha akamwita mjukuu wake.

"Mumbua," alisema, "mpelekee baba yako. Jua ni kali."