Kidole cha Kufungulia Simu

Jumanne, saa nne kasoro dakika kumi asubuhi, mashine namba tatu ilikata vichwa vya samaki thelathini na sita, ikakata kidole cha shahada cha Kiberiti, kisha ikaendelea na samaki wa thelathini na saba. Kidole kikafuata vichwa kwenye mfereji, mfereji ukaingia kwenye bomba, bomba likamwaga kila kitu kwenye mwamba nyuma ya kiwanda, kama kawaida yake. Msimamizi, ambaye wote walimwita Saa Ngapi kwa sababu hana swali lingine, aliuliza saa ngapi. Wakamwambia. Akasema basi mashine ioshwe, shifti iendelee.

Kiberiti alipewa jina hilo utotoni kwa sababu hakai mahali pamoja. Sasa akaambiwa akae nyumbani na bandeji, na kufikia Ijumaa alikuwa ameshatembea sakafu ya chumba mpaka imeng'aa. Mkono haukumsumbua sana. Kilichomsumbua ni simu. Ilikuwa inafunguka kwa kidole kile tu. Namba ya siri aliiweka siku ya kuinunua, akaisahau siku hiyo hiyo.

Na ndani ya simu kulikuwa na picha. Aliipiga Jumatatu, siku moja kabla: namba tatu, kisu kiko wazi kabisa, na nyuma yake mlango wa stoo umefunguliwa, kifuniko cha kisu kimelala kwenye mifagio. Kilitolewa kwa sababu kinachelewesha kazi.

Picha aliitaka haraka, maana mdogo wake anayefunga maboksi, Kitinda, alikuwa ameambiwa Jumatatu ijayo ahamie namba tatu. Nafasi iko wazi.

"Si nitakuwa makini, dada," Kitinda alisema, huku anapaka rangi kucha.

"Kwani mimi nilikuwa nimelala?"

Jumamosi asubuhi, maji yalipokupwa, Kiberiti alivaa mabuti ya kazini akashuka mwambani kutafuta kidole chake. Mwamba ulikuwa umejaa vidimbwi, vingine vidogo kama sufuria, vingine mtu anaweza kuoga. Akainua mawe, akasogeza mwani, akachomwa mara mbili na mwiba wa urumba, yule mnyama wa baharini mwenye miiba kama nungunungu. Kwenye kidimbwi cha saba alimkuta kiti cha pweza mwekundu, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, mikono minne yake mwenyewe, wa tano kidole cha Kiberiti. Kovu la pasi lilikuwepo. Rangi ya kucha ilikuwa imebanduka upande mmoja.

"Kumbe uko huku," Kiberiti alikiambia, "na mimi huko nazunguka kama pia."

"Wako yuko hapo tangu Jumatano," sauti ikasema. "Ana kiherehere, hatulii."

Alikuwa Mama Mkasi, aliyestaafu namba tatu na vidole saba. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kikata kucha mkononi, anamhudumia kiti cha pweza wa rangi ya udongo. Alimweleza kuwa kucha zinaendelea kuota, hazijapewa taarifa. Akaanza kumtambulishia wengine, mmoja mmoja, kama mtu anayeonyesha wajukuu. Yule pale gumba lake ni la mke wa mlinzi. Wale wawili wanaogombana, akasema, ni vidole vyangu, hata kiwandani havikuelewana. Huyu mwenye alama ya pete ni yule dada aliyehama mji. Kiberiti alikuwa anajua ajali nne. Alihesabu viti vya pweza ishirini na tisa, akaacha kuhesabu kwa sababu vidimbwi havikuwa vimeisha.

Chini ya bomba kulikuwa na mmoja peke yake, mweupe, mikono minne tu. Pa tano palikuwa wazi.

"Na huyo?"

"Huyo bado," Mama Mkasi alisema. "Huwa wanatangulia. Wako naye alikaa hapo hapo wiki nzima."

Kiberiti akamwinua mwekundu wake. Alikausha kidole kwa mkono wa blauzi, akakigusisha kwenye simu. Mara ya kwanza ikakataa, ikasema kuna majimaji. Mara ya pili ikafunguka, na meseji arobaini zikaingia kwa pamoja. Akamshukuru kiti cha pweza, akamrudisha majini, akapanda ofisini bila kuvua mabuti.

Saa Ngapi alimkaribisha kiti. Kiberiti akabaki amesimama. Msimamizi akaivuta picha kwa vidole viwili, akakitazama kisu, akaitazama mifagio, akauliza ni ya lini.

"Jumatatu."

"Na wewe umeumia lini?"

"Jumanne."

"Basi hii siyo picha ya ajali, mama. Siku nyingine piga wakati wenyewe."

Alisema kwa upole tu, akamrudishia simu. Kuhusu kifuniko, kingejadiliwa kwenye kikao. Kiberiti akauliza kikao saa ngapi. Saa Ngapi akasema kikao hakina saa.

Kiberiti akarudi mwambani mbio. Akamtia yule mweupe kwenye ndoo ya Mama Mkasi, akatembea naye nusu saa nzima mpaka upande wa pili wa mwamba, akamwacha kwenye kidimbwi kizuri chenye kivuli. Jumapili maji yalipokupwa tena, alikuwa amesharudi chini ya bomba. Kiberiti akampeleka mbali zaidi, akageuka, akaona ameshaanza safari, polepole, bila wasiwasi, kama mtu mwenye ahadi.

Siku hiyo Kitinda alikuwa ameandamana naye. Alimpenda yule mweupe mara moja. Akamweka kiganjani, akanyoosha vidole. Kiti cha pweza akavipapasa kimoja kimoja kwa vile vimiguu vyake vidogo, kama mtu anayechagua nyanya. Alipofika kwenye gumba la kulia akatulia.

"Ananitekenya," Kitinda alisema, anacheka.

Kiberiti akambandua taratibu, akamrudisha majini.

Nyumbani alimwomba Kitinda asiende kesho. Kitinda akauliza wasipoenda wote wawili, watakaa wanatazamana mpaka lini. Kiberiti akakaa kitandani, akasimama, akakaa tena.

"Simu yako unafungulia kidole gani?"

"Gumba."

"La kulia?"

"Ndiyo. Kwani?"

"Lete."

Akaingia kwenye setingi, akamshika mdogo wake mkono wa kushoto, akasajili gumba. Akasajili cha shahada. Akasajili cha kati. Akasajili cha pete. Alipokibandika kidole cha mwisho, simu ikaandika kwamba inapokea vidole vitano tu.

Kiberiti akaisoma mara mbili. Kisha akafuta gumba la kulia, akaweka hicho cha mwisho.